Lango Jikoni mwa Bi Enid

Kabla hakujapambazuka, Bi Enid Thackray alisikia bawaba ikilia jikoni. Alishuka ngazi polepole, akishika ukuta kwa ajili ya nyonga yake mbovu. Kati ya jiko na kabati la vyombo palikuwa na lango dogo la mbao ambalo jana halikuwapo. Njia ya miguu ilitoka kwenye malisho ya kondoo, ikaingia mlango wa nyuma, ikapita langoni na kutokea mlango wa mbele. Ilikuwa na tope la Machi, na maua madogo ya manjano yamechanua kandokando. Akapangusa palipopanguseka, akateleka birika kubwa.

Saa nne walifika watu wanane wa chama cha kutembea mashambani. Mbele alikuwa Clive Ormerod, mstaafu wa posta, ramani ikimning'inia shingoni.

"Samahani, Bi Enid. Ramani inasema hapa."

"Kama inasema hapa, piteni, wanangu."

"Clive huyu," alisema Maureen, "iko siku atatupitisha chooni kwa watu."

Hata hivyo walivua viatu, wakavibeba mkononi. Maureen alisuuza vikombe bila kuombwa. Mwingine alibadilisha taa ya ngazini iliyoungua tangu Krismasi.

"Msaidizi wako wa nyumbani haji siku hizi?" Maureen aliuliza.

"Halmashauri ilimwondoa. Nimewaandikia mara nne. Januari nilianguka, nikalala sakafuni siku mbili," alisema Bi Enid, huku akimsogezea sukari.

Jioni ile Clive aliiandikia halmashauri mambo mawili: bawaba ya lango inalia, na Bi Enid hana wa kumsaidia.

Jumatano walikuja wanaume wawili. Walitia bawaba mafuta, wakamwaga kokoto kwenye tope, wakasimika kando ya jiko kibao kilichoandikwa Njia ya Umma. Bi Enid aliwapa chai, akawauliza habari za msaidizi.

"Hiyo idara nyingine, mama," alisema mmoja wao kwa upole. Alikuwa amefagia kokoto zilizotapakaa nje ya njia.

Machi iliyofuata njia ilikuwa safi kuliko zote wilayani. Bi Enid hakuweza tena kupanda ngazi; sasa alilala jikoni, kitanda kimeegemezwa kwenye kibao. Msaidizi hakuwa amekuja. Chama kiliporudi, Maureen alimchana nywele. Wengine walijaza kuni, wakabandua shuka, wakatandika nyingine.

Basi la kurudi lilikuwa moja tu, la saa kumi, na Clive hakuwa mtu wa kusimamisha safari ila kwa kusoma ramani. Siku hiyo aliifungua juu ya meza, akaisoma dakika arobaini. Hakuna aliyemwambia kwamba ameiweka juu chini.

Kisha akaikunja. Wakabeba viatu vyao ili wakavivae nje, kwenye baridi.

Bi Enid aliwashikilia lango kutoka kitandani, kwa ncha ya fimbo yake.

"Clive, mwanangu," alisema. "Usiizoee sana njia hii. Mpotee tena hapa, na msingoje mwakani."