Nani Atamjibia Wekoye

Shwa, shwa, shwa. Chumbani kulikuwa bado giza, majogoo wa mtaa wa Kibomet, Kitale, hawajaanza kuwika, na Gathoni akasikia burashi ikipita juu ya ngozi ya kiatu. Mwili ukamsisimka wote. Kwa pumzi moja, moja tu, aliamini. Sauti ile aliijua. Kila Wekoye alipokuwa likizo aliamka kabla ya alfajiri, akaketi ukingoni mwa kitanda na kupiga viatu vyake vya jeshi rangi hadi ving'ae, hata kama siku hiyo haendi popote ila dukani kununua maziwa.

Kisha akakumbuka kwamba Wekoye ana miaka minne kaburini.

"Mama, nimemaliza kimoja," sauti ndogo ikasema kutoka sakafuni.

Gathoni akapapasa kibiriti, akawasha koroboi. Binti yake alikuwa ameketi juu ya gunia, amekipakata kiatu cha baba yake kama mtu anayebembeleza mtoto, na rangi nyeusi imemfika mpaka puani.

"Nani alikuambia utoe hivyo viatu?"

"Si ulisema leo tunaenda kwa baba?"

"Tunaenda mahali wataita jina lake."

"Kama mwalimu akiita majina nasari?"

"Ndiyo. Kama mwalimu."

Gathoni akashuka kitandani, akachukua burashi, akapiga rangi kiatu cha pili. Hakumfundisha mtoto la kujibu. Hakuamini kwamba wangeruhusiwa kujibu.

Ilikuwa tarehe ishirini Oktoba mwaka wa 2004, sikukuu ya Kenyatta Dei, siku ya nchi kukumbuka mashujaa wake. Huko Malakisi, kwa kina Wekoye, wazee waliowahi kuwa jeshini walikuwa na desturi yao. Chifu akishamaliza kusoma hotuba ya Rais, wao huita majina ya vijana wa lokesheni waliofia kazini, moja moja, kama jeshini asubuhi. Mtu wa nyumba ya marehemu husimama na kujibu, "Amelala." Halafu linaitwa jina lingine.

Tangu mazishi Gathoni hakuwa amekanyaga Malakisi, na sababu ilikuwa jina la mtoto. Kwao, Wakikuyu, binti wa kwanza huitwa jina la nyanya mzaa baba. Ni heshima, hata huulizi mtu. Basi alipojifungua, Wekoye akiwa mbali huko Afrika Magharibi na kikosi cha kulinda amani, alimwita mtoto Nanyama, jina la mama mkwe, akamtumia habari na kungoja vigelegele. Hakujua kwamba kwa Wabukusu mtoto hupewa jina la mtu aliyekwisha kufa.

"Ati amenizika nikiwa bado nakula ugali?" ndilo jibu lililorudi.

Wekoye aliandika barua akicheka. Ningojeni, alisema, nitakuja na jogoo nimtulize mama. Kilichokuja ni sanduku lililofunikwa bendera. Na siku ya mazishi yule mama alimtazama mtoto wa miezi mitatu mgongoni mwa Gathoni, akasema mbele ya watu, "Kifo kilikuja kutafuta jina langu, kikakosea mlango."

Gathoni alimkaza mtoto mgongoni. Alirudi Kitale jioni hiyo hiyo.

Sasa juma lililopita Fridah, dada ya Wekoye, alikuwa amepiga simu kwa jirani.

"Kuja tu, Gathoni, bana. Mwaka jana jina liliitwa mara tatu, mama akasimama, mdomo ukakataa kufunguka. Mwaka huu kama hakuna wa kujibu, wazee watamwandika Wekoye kwa wale hawana watu."

"Mama amesema nikuje?"

"Hajasema usikuje."

Uwanja wa shule ya msingi ulikuwa umejaa walipofika. Familia za mashujaa zilikuwa zimekaa mbele kwenye madawati, wengine wamesimama, kila mtu na wake. Gathoni akasimama karibu na tangi la maji, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumsogeza. Watu walisalimiana kwa Kibukusu, wakacheka, wakapakatiana watoto. Yeye alisalimiwa na mbwa mmoja tu, aliyenusa viatu vya jeshi mikononi mwa mtoto kisha akaenda zake.

"Yule si mwanamke wa Wekoye? Wa Kitale?" mama mmoja akanong'ona, lakini si kwa chini sana. "Amekumbuka shamba."

"Na hivyo viatu je?" mwenzake akauliza.

"Labda anauza mitumba."

Wakacheka. Gathoni akakaza macho kwenye bendera. Hotuba ilikuwa ndefu, ya Kiingereza kisha ya Kiswahili, na jua likapanda. Mtoto alikataa kuweka viatu chini, ati vitashika vumbi.

Hatimaye Mzee Wangila, sajini mstaafu mwenye medali tatu kifuani, akafungua daftari lake. Majina yakaanza. Amelala. Amelala. Amelala.

"Koplo Wekoye!"

Mama yake Wekoye akasimama kwenye dawati la mbele, amejifunga leso kiunoni. Midomo ikatikisika. Hakuna kilichotoka.

"Koplo Wekoye!"

Mtu akakohoa. Mzee Wangila akashusha daftari, akasema kwa upole, "Mama, tuandike hana mtu?"

"Ako na mtu."

"Nani?"

Mama akageuka. Macho yake yakapita juu ya vichwa vya watu, polepole, mpaka kwenye tangi. Fridah lazima alikuwa amemwambia. Gathoni akashika bega la mtoto.

"Nanyama," mama akasema. Alilitamka kama mtu anayetema mwiba.

"Lakini Nanyama ni wewe, mama, na umesimama hapo."

"Mimi nimechoka. Ni yule mdogo. Mumulete."

Watu wakageuka wote pamoja. Gathoni akainama. "Enda kwa kukhu, nyanya yako," akasema. "Enda. Mimi niko hapa."

Mtoto akakata uwanja peke yake, viatu vikimgonga magoti. Gathoni akabaki kwenye tangi, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Akamwona mama mkwe akitazama viatu kwa muda, kisha akilowesha ncha ya leso kwa mate na kumfuta mtoto rangi iliyobaki puani. Akamsimamisha mbele yake, mikono yake miwili juu ya mabega yale madogo.

Mzee Wangila akakaza mgongo.

"Koplo Wekoye!"

Mtoto akainua viatu juu alivyoweza.

"Hayuko, mwalimu, lakini tumeleta viatu vyake."