Chura Aliyeoshwa Mno

Dobi hakumpenda chura yule, ila alimwosha. Ndivyo alivyokuwa: kitu kikishaingia nyumbani kwake, akipende asikipende, lazima king'ae. Mumewe, fundi mwashi, alimwokota chura huyo kwenye rundo la matofali wiki chache kabla hajaanguka kazini na kuvunjika nyonga. Akampa jina la Mpangaji. Sasa wawili hao walishinda chumba cha nyuma, mmoja kitandani, mmoja ndani ya sanduku la kioo.

Kila asubuhi dobi aliingia na ndoo, akamtia Mpangaji kwenye beseni, akamwosha, akasugua na kioo kwa sabuni ya unga na klorini kidogo, ile ile inayong'oa madoa kwenye mashuka ya wateja. Huku anasugua, mume na mke walipiga soga na kutaniana. Kioo kikitakata, alirudi mbele kwenye nguo zake, na kazi ya dobi haina mwisho, jamani.

Mpangaji alipogoma kula mende, dobi alisema anaringa. Kesho yake hakusema tena hivyo. Ngozi ilikuwa imefifia, tumbo na mapaja yamekuwa mekundu, macho yamedidimia. Alipomlaza chali, chura alibaki chali. Mumewe alitazama, akageukia ukutani, chai yake ikapoa bila kuguswa. Hapo woga ukamwingia dobi kwelikweli. Chura akifa, aliwaza, na huyu wangu atamfuata.

Akamfunika Mpangaji kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya ndoo ndogo, akakimbilia kwa daktari wa wanyama. Daktari, binti mpole aliyezoea mbwa na mbuzi, alikinusa kile kitambaa kabla hajamgusa mgonjwa.

"Mama, unamwoshea nini?"

"Sabuni na klorini. Kwangu hakuna uchafu, mwanangu."

"Naona. Lakini chura hanywi kwa mdomo kama sisi, anakunywa kwa ngozi. Kila ukimwosha, unamnywesha sabuni."

Dobi akakaa kitako. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo ndizo kazi yake!

Daktari alivaa glavu, akamsuuza Mpangaji taratibu kwa maji yaliyolala kwenye ndoo wazi mpaka klorini ikatoka. Akaagiza: sanduku lisuuzwe kwa maji matupu mpaka harufu iishe, chini zitandikwe karatasi laini zenye unyevu, awekwe mahali penye kivuli na utulivu. Asishikwe ovyo, asilazimishwe kula. Wekundu ukizidi, arudishwe mara moja.

Dobi alifuata yote, na bado hakulala vizuri. Asubuhi alimgeuza chali kwa mkono wenye glavu. Chura alitupa mguu mmoja, akatupa wa pili, akajipindua.

"Amejigeuza!" alipiga kelele. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda na machozi yakamtoka. "Mume wangu, mimi ndiye niliyemtia sumu. Kwa kusafisha kwangu."

Mumewe alimtazama Mpangaji kwenye kioo.

"Nilijua," alisema. "Hata mimi klorini ilikuwa inaniwasha macho, sembuse yeye."

"Ulijua? Ukanyamaza, mwanaume wewe? Nusura afe!"

"Nilikuwa nasema moyoni, kesho nitamwambia mke wangu. Kesho nitamwambia. Ila ningekukataza kuosha, ungekuja kufanya nini humu?"

Dobi alivua glavu, akaiweka kando. Miezi yote hiyo amelisha, amefua, amesugua, akadhani ameuguza. Hasira ikampanda na huruma ikamshika, na huruma ndiyo iliyoshinda. Akavua kandambili, akapanda kitandani, akamsogeza mzee wake kwa kiwiko apate nafasi.

Mlango wa mbele ukagongwa. "Dobi! Nguo zangu tayari?"

"Bado!" alijibu kwa sauti, bila kuinuka. "Niko na mume wangu!"