Kimbunga Kilichomhamisha Mama

Fundi cherehani alikuwa akipiga pasi sare za shule kimbunga cha kwanza kilipoingia dirishani. Kilichukua mapazia mawili, kikaizunguka meza kama mgeni anayetafuta pa kukaa, kikatokea mlango wa nyuma. Vimbunga vilikuwa vingi mkoa mzima wiki ile. Redio ilisema vimeezua soko, na mto umefunika daraja. Kwa hiyo mapazia hayakumuuma sana, mpaka alipochungulia ng'ambo ya barabara akayaona kwa mdogo wake, yametundikwa, pindo zimelingana.

Mdogo mtu, aliyeolewa na mwenye duka la saruji, alikuja na mwavuli kumwomba dada yake radhi. Alisema hakuyaita, yamejileta yenyewe, na kwamba yanapendeza. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma fundi.

Kimbunga cha pili kilibeba kabati la vyombo bila kuvunja kikombe. Cha tatu kilichukua picha ya marehemu baba yao pamoja na msumari wake. Vyote vilivuka barabara ile ile.

"Wewe una nafuu," jirani yake, dereva wa lori, alimwambia huku akitafuta mabati yake kwenye tope. "Upepo wako unajua unakokwenda."

Fundi hakucheka. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa amebaki na mama yao tu, ambaye miguu ilikwisha kumkatalia. Fundi ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Mdogo mtu alikuwa akija Jumapili na manukato, akisifiwa wiki nzima. Hata hivyo mama alikuwa wake, naye alikifunga kiti cha mama kwenye mguu wa cherehani kwa vipande vya shuka.

Kimbunga cha nne kilikuja mchana, pamoja na mafuriko. Kilifungua mafundo moja moja, kwa adabu, kikamwinua mama na kiti chake. Alivuka juu ya maji yaliyokuwa yakikokota milango ya watu, mkono mmoja umeshika kilemba kisivuke peke yake.

Fundi alimfuata, maji kiunoni. Alimkuta sebuleni kwa mdogo wake, anakunywa chai.

"Mama, nimekuja kukuchukua."

"Nani kakutuma? Upepo niliuomba mimi."

Fundi aliuliza kama na mapazia aliyaomba yeye. Na kabati, na picha.

"Sasa nije kuishi kwa mwanangu mikono mitupu?"

"Na mimi ni nani, mama?"

Mama alipuliza chai yake, akafikiri. "Wewe una nguvu," alisema.

Mdogo mtu akamletea dada yake taulo.

Maji yalipopungua watu walizika wafu wao, na upepo haukurudi. Kila asubuhi fundi huvuka barabara na beseni na sabuni, maana mdogo wake hajui kumgeuza mama bila kumuumiza. Humwogesha, humkausha katikati ya vidole, humvalisha, humkalisha penye jua. Hapo mama huinua macho, akampita fundi aliyepiga magoti mbele yake, akamtazama yule aliyesimama mlangoni.

"Asante, mwanangu," humwambia, "kwa kunitunza."

Fundi huenda kumwaga maji uani.