Tangulia, Nakuja

Jamani, kuna watu waliopewa mdomo bila kifuniko, na baba yake msichana huyu alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alikuwa kinyozi. Mtaa mzima ulimwita Redio, na hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini.

Binti yake alikuwa ameingia kwenye shindano la wanafunzi la kuzipa majina roboti mbili zitakazorushwa kwenda kuchunguza sayari nyingine: ndogo ya kuruka, itakayotangulia kuangalia njia, na kubwa ya magurudumu, itakayofuata nyuma. Yeye alipendekeza Tangulia na Nakuja. Majina yakapenya mchujo baada ya mchujo hadi fainali, na mshindi angepelekwa na mzazi mmoja kushuhudia roboti zikirushwa. Msichana alikuwa anaitaka safari ile kuliko kitu kingine chochote.

Sharti kubwa lilikuwa majina yabaki siri mpaka siku ya kutangazwa. Atakayeyatoa nje, ameondolewa. Mwalimu wa sayansi alikwenda mwenyewe dukani kwa Redio kumsomea sharti hilo, akalirudia, kwa sababu alimjua.

"Mwalimu, mimi tena?" Redio alisema, mkono kifuani. "Hapa halitoki neno."

Na kweli, halikutoka. Wiki ile yote alinyoa kimya, mashavu yamemvimba kama mtu aliyeshika maji mdomoni. Wateja wakadhani anaumwa jino.

Ijumaa binti anarudi kutoka shule, anakuta ngazi imeegemezwa mbele ya duka. Fundi rangi alikuwa anamalizia kibao kipya: KINYOZI TANGULIA NA NAKUJA. Chini yake roboti ya magurudumu ilikuwa inamnyoa mtu kipara. Watu walikuwa wamejaa barabarani wanapiga picha kwa simu zao.

"Baba! Umefanya nini?"

"Kwani nimesema?" Redio alikuwa anatabasamu mpaka jino la mwisho. "Waulize hawa. Niliambiwa nisiseme, na sijasema. Nimeandika tu!"

Msichana alitaka kulia, akashindwa kwa hasira. Picha zilikuwa zimeshasambaa. Jumatatu mwalimu alimwita pembeni, wala hakuzunguka.

"Wenye shindano wameona. Wamekutoa. Nimewabembeleza mpaka sauti imekauka."

Jioni ile msichana alimwambia baba yake. Redio akakaa kwenye kiti cha wateja, kitambaa mkononi.

"Nilidhani utafurahi, mwanangu. Si umeyatoa kwangu? Maneno yangu hayo."

"Ulidhani nakusifu? Kila jioni unaniambia tangulia, nakuja. Natangulia. Mama anapakua, chakula kinapoa, tunakula wawili, wewe uko hapa unapiga soga. Hujawahi kuja hata siku moja! Nilitaka angalau huko juu, anayesema nakuja aje kweli."



Tangu hapo msichana hakumsemesha baba yake. Baada ya shule alikuja kufagia nywele dukani kama kawaida, ila alifagia kwa fujo, vumbi mpaka machoni mwa wateja.

Siku ya kutangaza majina duka lilifurika. Kitini kulikuwa na mteja, upande mmoja wa kichwa umekwisha, wa pili bado msitu. Televisheni ikataja majina. Yalikuwa mengine kabisa, mazuri tu, ya mtoto mwingine.

"Ah! Na hayo ya kwenye kibao?" akauliza muuza viatu wa jirani. "Kumbe huyu mtoto alituuzia mbuzi kwenye gunia!"

Duka zima likaangua kicheko. Msichana akaganda na fagio lake, uso unamuwaka. Basi ndiyo hivyo, safari hakupata, na sasa mtaa mzima utamwita mwongo.

Redio akazima mashine.

"Mwanangu hakumdanganya mtu. Alifika fainali kwa akili zake. Mimi ndiye niliyemharibia, kwa kiherehere changu. Mwenye kucheka anicheke mimi."

Akaishia hapo. Watu wakatazamana, maana hawakuwahi kumsikia akimaliza jambo upesi namna ile.

Msichana akaegemeza fagio ukutani, akachukua mkoba.

"Tangulia," baba yake akasema taratibu. "Nakuja."

Lo! Yale yale! Alitoka anaikanyaga barabara kana kwamba ndiyo iliyomkosea. Safari imekwenda, majina yamekwenda, na mzee bado yuko na wimbo wake ule ule.

Nyuma yake watu wakaanza kulalamika, kisha mlango wa chuma ukateremshwa kwa kishindo.

"We Redio! Na kichwa changu je?"

"Kesho!"

"Nitatembeaje hivi?"

"Vaa kofia, ndugu yangu! Nawahi nyumbani!"

Msichana hakugeuka. Hasira bado alikuwa nazo, tena nyingi, na hakuwa na hamu ya kuongea naye. Lakini alipofika kwenye kona alisimama, mkoba begani, akamsubiri.