Msimu Usiishe

Kaka yangu Norbert alizikwa Meru mwezi wa tisa. Niliporudi Kilburn, Jumamosi ya kwanza niliwasha televisheni kwa mazoea tu. Timu ya chuo alichosoma Marekani ilikuwa inacheza ule mpira wao wa helmeti. Mchezaji akadondosha mpira, na kutoka kwenye kiti alichozoea kukalia Norbert nikasikia msonyo. Mrefu, wa hasira, wake kabisa.

Sikupiga kelele. Nilikaa nikatazama hadi mwisho.

Tangu hapo alikuja kila timu yake ilipocheza. Siku nyingine nyumba ilikuwa kimya, nami nikawa mtu wa kungoja Jumamosi. Mwishoni mwa Novemba wakafungwa na mahasimu wao kwa mkwaju wa mwisho. Ikabaki kamati. Kamati huteua timu kumi na mbili za kuendelea na mtoano wa ubingwa. Zilizobaki, msimu wao umekwisha.

Jumapili ya uteuzi akaja Alkesh kutoka Queensbury. Yeye na Norbert walisoma pamoja Nairobi, wakaenda Marekani pamoja, ila vyuo hasimu.

"Mtaingia, dada Makena," akasema akivua viatu. "Mlifungwa uwanja huru, si nyumbani."

"Si wewe uliyemwambia Norbert kufungwa ni kufungwa?"

"Nilikuwa namchokoza tu."

Mechi yao huchezwa mji wa tatu, usio wa upande wowote, nusu ya majukwaa kijani, nusu nyekundu. Norbert aliichukia desturi hiyo. "Ukifungwa ugenini, kamati inakuhurumia," alikuwa akisema. "Pale hakuna huruma, na hata ukishinda, hawakuhesabii ushindi wa ugenini. Waje kwetu waone!" Alkesh naye: "Tukija kwenu tutawachapa tukiwa na malapa."

Majina ya timu yakaanza kutajwa kwenye televisheni. Wekundu wa Alkesh wakaitwa. Hakushangilia. La mwisho lilipotajwa, halikuwa letu. Mwenyekiti wa kamati akaulizwa kuhusu Kijani, akasema walikosa nafasi kwa tofauti ndogo sana. Ule uwanja haukuwa wa yeyote, kwa hiyo hawakuona sababu ya kuwapunguzia uzito wa kipigo.

Nilikitazama kiti. Hata mlio wa springi haukusikika.

"Basi amekwenda," nikasema.

Alkesh hakuniuliza ni nani.

Televisheni ikawaonyesha Wekundu wakirukaruka na kukumbatiana. Ndipo ukaja, kutoka kwenye kile kiti, msonyo mrefu kuliko yote niliyowahi kusikia. Alkesh aligeuka kabla yangu.

"Alipokuwa hai hakukosa mechi yetu hata moja," akanong'ona. "Alikuwa anakuja kwangu kutuombea mabaya."

"Mnacheza lini?"

"Kabla ya Krismasi. Tukishinda, tunacheza tena Mwaka Mpya."

"Njoo utazame hapa."

Akaitikia kwa kichwa, macho bado kwenye kiti.

"Na Alkesh," nikasema, "tafadhali, msifungwe."