Posa ya Mchunguza Nyutrino

Nilimwonya Laurian njia nzima: ukiulizwa kazi yako, sema mwalimu, kisha funga mdomo. Mimi ni baba yako mdogo na mshenga wako, maneno niachie. Mzee Mughwai wa Mungaa alikwisha kutukatalia mara moja. Safari hii alitaka kumwona kijana mwenyewe, na akikataa tena, binti yake Leah ataolewa kwingine. Huo ulikuwa mwaka wa sabini na tisa.

Tukatoa shikamoo, tukaketi barazani. Mughwai akaniruka kama sipo.

"Wewe ndiye wa Chuo Kikuu. Unafanya nini huko?"

"Nachunguza nyutrino, baba."

Nikafumba macho.

"Inalimwa au inafugwa?"

"Ni chembe, ndogo kuliko vumbi. Zinatoka kwenye jua. Hata sasa zinakupita mwilini bila kukugusa."

Mughwai akalitazama tumbo lake. "Zina uzito?"

"Hatujui. Labda hazina. Kama zina, ni mdogo mno, nami natafuta sababu."

"Mshenga," Mughwai akanigeukia, "huyu anatafuta kwa nini kitu ambacho labda hakina uzito ni chepesi. Mwenyekiti wa kijiji akiniuliza mkwe wangu anafanya kazi gani, nimjibu nini?"

Nikasema kijana ana afya njema.

Laurian hakunyamaza. "Wengine wanasema ni nyepesi kwa sababu ndivyo zilivyo, basi. Mimi hilo halinitoshi. Kuna wazo jipya: kila chembe ina mwenzake, mzito ajabu, asiyeonekana. Ni kama watoto wanaolaza ubao juu ya gogo wakakaa huku na huku. Mzito akishuka, mwepesi anapaa. Kadiri yule anavyozidi uzito, huyu tunayemwona anazidi wepesi."

"Nani amemwona huyo mzito?"

"Hakuna."

"Basi hakuna kitu." Mughwai akainuka. "Ngojeni nikatazame ndama."

Ndama alikuwa amefungwa mbele yetu. Lakini ndiyo desturi ya nyumba ile. Mughwai hukataa barazani kwa sauti kubwa, huingia ndani kutazama chochote, na akitoka ana neno jingine. Humo ndani yupo mkewe, Magdalena, ambaye wageni wengi hawajawahi kumwona.

Safari hii Magdalena hakumsubiri. Sauti yake ikatoka ndani.

"Kijana, kama huyo mzito haonekani, mmejuaje yupo?"

"Kwa wepesi wa huyu anayeonekana, mama."

Magdalena akacheka taratibu, na Leah, aliyekuwa naye humo ndani, akafuata.

"Baba Leah, rudi ukae," akasema. "Hiyo nimeielewa."

Mughwai alikuwa na mguu mmoja ndani, mmoja nje. "Umeelewa nini?"

"Kijiji kizima kinaelewa. Kaa."

"Lakini mama," akasema Laurian, "ni wazo tu. Huenda si kweli."

Nikamkanyaga mguu.

"Ya chembe siyajui," Magdalena akajibu. "Ya hapa ni kweli. Leah, wapelekee wageni togwa."

Mughwai akaketi, akajikohoza. "Mshenga, nimeamua. Binti nimemtoa."

"Umeamua lini, mzee?"

"Zamani. Nilikuwa nampima tu kijana."

"Na mahari?"

"Hiyo nayo nimekwisha kuipanga," akasema, akatega sikio mlangoni ili asikie amepanga ng'ombe wangapi.