Utitiri wa Mstari wa Saba

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nilivuka mto Malagarasi nikiwa na mtoto mgongoni, nikakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka kumi na tisa, nikamzika mume wangu huko huko, na wanaonijua watakwambia Liberati ana mdomo kuliko polisi wa kambi. Lakini mdudu ambaye huwezi kumwona vizuri bila lenzi amenifanya nishindwe kula. Kwa hiyo kaa nikueleze, na usinikatize.

Kazi yangu ilikuwa kulima bangi. Naam, bangi, ile ile unayoifikiria. Hapa Ohio ni halali, inauzwa dukani kwa risiti kama sukari. Shamba letu lilikuwa nje kidogo ya Columbus, ndani ya nyumba kubwa za vioo, na sifa yake ilikuwa kwamba hawatumii sumu ya dukani hata tone. Udongo ulitiwa samadi, na wadudu walifukuzwa kwa sabuni na mafuta ya mwarobaini. Meneja alisema wako wagonjwa wanaovuta ule mmea, na huwezi kumvutisha mgonjwa sumu. Kanisani kwetu Reynoldsburg nilisema nafanya kazi kwenye nyanya. Wakaniuliza mbona siku zote hutuletei nyanya, nikawaambia wazungu wachoyo.

Sasa elewa kitu kimoja, maana yote yanatoka hapo. Binti yangu Gaju bado yuko Nyarugusu. Tulipopata safari ya kuletwa Marekani alikuwa ameshaolewa, wakamtoa kwenye faili letu. Kwa mtoto aliyeolewa, sheria ya hapa inataka mzazi awe raia kwanza ndipo amwombee. Nilipotimiza miaka mitano hapa nikapeleka maombi ya uraia, nikawa nasubiri barua ya kuitwa kwenye mahojiano. Kila Jumapili Gaju ananiuliza kwenye simu, mama, barua? Namwambia bado, mwanangu.

Nikiwa katika kusubiri huko, binamu yangu Leopoldi, anayeishi Louisville na kujua mambo ya kila mtu, akanipigia kuniambia kwamba mtu wa parokia yao amenyimwa uraia kwa sababu aliwahi kufanya kazi kwenye shamba la bangi. Nikamwambia acha uzushi, ni halali. Akasema ni halali kwa jimbo, lakini serikali kuu haijaihalalisha, na uraia unatolewa na serikali kuu. Nilikuwa nimesimama jikoni, nikajikuta nimekaa sakafuni. Leopoldi akanituliza. Alisema kwenye hati ya mshahara kampuni inaitwa shamba tu, haitaji mmea. Nitafute kazi nyingine taratibu, bila kelele.

"Ila jina lako lisiandikwe popote karibu na neno bangi," akasema. "Popote, Liberati."

Tangu siku hiyo nikawa naogopa karatasi.

Mstari wa saba tulikuwa wawili, mimi na Kamikazi. Yeye ni wa Kongo, kutoka milima ya Kivu Kusini, mjane na mtu wa kambi kama mimi, mdogo wangu kwa miaka kumi. Kiswahili chake, chenye Kifaransa ndani, kilinichekesha, changu cha Kigoma kilimchekesha yeye, na siku nzima tulikuwa tunataniana huku tukipunguza majani. Mimi aliniita Mama Gaju. Kiingereza hakikumwingia kabisa, kwa hiyo kila barua ya shule ya watoto wake na kila bili alinipa mimi nimsomee. Naye alikuwa ameomba uraia. Habari ya Leopoldi nilipaswa kumwambia siku ile ile. Nikasema kesho, na hiyo kesho nikaipeleka mbele mpaka nikaacha kuihesabu.

Kanisa letu haliruhusu mwanamke kuvaa suruali. Kazini ni lazima suruali. Basi nilivaa suruali, nikajifunga kitenge juu yake, maana gari tuliloendea kazini lilikuwa la mzee wa kanisa, aliyetushusha barabarani bila kujua tunaingia wapi. Kanuni za shamba zilisema nguo zote za nje ziachwe kwenye kabati, uvae ovaroli ya kampuni. Lakini ovaroli ile ilikuwa nyepesi, inakuchora mwili wote mbele ya wanaume. Mimi mama mtu mzima! Nikawa nakikunja kitenge kiunoni, navaa ovaroli juu yake. Hakuna aliyeona, nami sikuona kosa liko wapi.

Kosa lilikuwa bustanini. Nyuma ya kanisa tulikuwa na kishamba cha akina mama, cha lengalenga, ule mchicha wetu, maharage na nyanya chungu. Asubuhi kabla ya gari kupita nilikuwa nachuma majani ya maharage, natia kwenye kitenge hicho hicho. Mwezi wa saba majani yalianza kuwa na vidoa vyeupe, nikasema ni jua. Yakaota utando mwembamba chini, nikasema ni buibui, nikaufuta kwa kidole. Jamani, nimelima tangu nikiwa na miaka sita, na sikujua.

Aliyejua ni Nafula, Mkenya anayekaa Gahanna, ndiye aliyekuwa na kazi ya kukagua wadudu. Siku moja alisimama mstari wa saba, akageuza jani, akalitazama kwa lenzi yake muda mrefu. Kisha akaligonga jani juu ya karatasi nyeupe na kutuita tuone. Vumbi lilikuwa linatembea. "Utitiri," akasema. Akatueleza kwamba jike mmoja akiingia kwenye joto kama hili, wiki mbili baadaye wako maelfu. Wananyonya jani mpaka linakauka, na wakifika kwenye maua huwezi tena kupuliza chochote, unakata na kutupa.

Siku hiyo nilifika nyumbani, nikafunga mlango, nikatandaza karatasi nyeupe mezani, nikakikung'uta kitenge juu yake. Niliinama. Mwanzoni niliona uchafu tu. Halafu uchafu mmoja ukaondoka kuelekea pembeni, na mwingine ukaufuata. Mwili wote ulinisisimka, nikaanza kujikuna shingoni na kwapani, kama wamenijaa mimi. Nikakichemsha kitenge kwenye sufuria. Asubuhi nikaenda kung'oa maharage yote na nyanya chungu, nikawaambia akina mama kwamba paa wamekula. Wakawalaani paa wa watu bure.

Wiki tatu tulipigana na wadudu wale. Tuliosha majani kwa sabuni, upande wa chini, moja baada ya jingine, mpaka vidole vikachubuka. Nafula akaleta vifuko vya utitiri wa aina nyingine, wanaokula wenzao, tukavitundika kwenye kila shina. Nilikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Kamikazi akaniambia nitaugua, bangi si mtoto wangu. Nikamcheka, nikaendelea kuosha.

Nafula alinisogelea siku moja tukiwa wawili tu. "Mama, nyumbani mnalima kitu?" akaniuliza, kwa adabu kabisa.

"Hatulimi," nikamjibu. "Tunakaa ghorofani."

Akanitazama, akaenda zake. Mimi nikarudi kuosha majani.

Utitiri ukafika kwenye maua. Niliona utando kwenye ncha za machipukizi, mweupe, na wadudu wanapandana juu yake. Tulikata mistari mitatu yote, wa saba na miwili ya jirani, tukasaga, tukachanganya na takataka kama sheria inavyotaka, huku watu wa ofisi wanapima na kuandika. Kampuni ikataka kujua ni nani aliyewaingiza. Wakatazama kamera za chumba cha kubadilishia nguo, wakamwona Kamikazi akitia kwenye kabati mfuko wa plastiki uliojaa majani mabichi.

Majani yale nilimpa mimi. Yalikuwa lengalenga, ya watoto wake, na hayakutoka kabatini hata mara moja mpaka jioni alipoyachukua. Kilichoingia mpaka mstari wa saba kilikuwa kiunoni kwangu.

Siku Kamikazi alipoitwa ofisini, Nafula hakuwepo, alikuwa Louisville harusini. Angekuwepo yeye, ndiye angemsomea Kamikazi karatasi waliyomwandikia, na leo ningekuwa nakueleza habari nyingine. Meneja akaniita ofisini nimtafsirie mwenzangu. Kamikazi alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Mezani karatasi moja. Niliisoma yote. Ilisema kwamba Kamikazi, jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa, mfanyakazi wa kilimo cha bangi, anakiri kuvunja kanuni na kuingiza wadudu, na kwamba bangi kiasi fulani imeteketezwa kwa sababu yake. Neno lenyewe niliona limeandikwa mara nne.

"Bon, Mama Gaju," akaniambia. "Inasema nini?"

Nilimtazama meneja, anaangalia saa. Nilijua nikisema ukweli Kamikazi atakataa kutia sahihi, atasema majani kanipa Liberati, watarudi kwenye kamera, wataona kitenge. Karatasi itaandikwa upya kwa jina langu. Nikamwona Gaju, na yule mjukuu ambaye sijawahi kumshika.

"Inasema kazi imeisha kwa sababu mimea imeharibika," nikasema. "Huna kosa na mtu. Tia sahihi hapo chini."

Akatia sahihi. Aliandika jina lake polepole, herufi kwa herufi, kama tulivyofundishwa kambini, akaniuliza kama limekaa vizuri. Meneja akampa nakala yake. Nje alinikumbatia, akalia kidogo, akasema afadhali nilikuwepo. Mimi nikarudi ndani kazini.

Akahamia Buffalo kwa dada yake, kule East Side, akapata kazi ya kutunza wazee. Mimi nikaacha shamba, nikaingia kufua mashuka kwenye hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Nikadhani yameisha. Miezi minane ikapita, na Kamikazi alinipigia kila wiki, wala hakunipunguzia hata salamu moja. Halafu akanipigia kwa furaha: barua imefika, mahojiano yake ni mwezi ujao. Nimwombee.

Sasa wewe hujui watu tuliotoka kambini. Sisi hatutupi karatasi. Kadi ya mgawo, kadi ya chanjo, barua yoyote yenye sahihi na mhuri, tunaitia kwenye bahasha, maana siku moja afisa atauliza, na asiyekuwa na karatasi anarudishwa mwisho wa foleni. Kamikazi akaniambia amejiandaa, bahasha yake ni nene, amepanga zote tangu siku ya kwanza Marekani. Ataiweka yote mbele ya afisa aone kwamba yeye hafichi kitu.

Nilijua kilichomo. Ningeweza kumwambia, ile ya shamba itoe, ichome. Angeniuliza kwa nini. Nilishika simu sikioni, nikamwambia Mungu atakutangulia. Haki ya Mungu, ndivyo nilivyomwambia.

Wiki iliyopita barua yangu nayo imefika. Columbus, Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi. Gaju alipiga vigelegele mpaka majirani zake wakaingia ndani, nikawasikia wanapokezana simu kunipongeza. Nilishangilia nao, na huku najikuna shingo.

Jana mchana nikiwa kazini nakunja mashuka, Kamikazi akapiga kutoka Buffalo. Sauti yake ilikuwa ya chini. Afisa alikuwa mwema, alisema, mwanamke mpole. Alipitia bahasha yote, akafika kwenye karatasi moja akaacha kutabasamu. Akamuuliza kupitia mkalimani, maana Kamikazi ana barua ya daktari inayomwondolea mtihani wa Kiingereza, kama kweli alilima bangi na kuharibu mimea, maana ndivyo alivyokiri hapa. Kamikazi akasema hapana, karatasi hiyo inasema hana kosa. Mkalimani akamsomea neno kwa neno. Hakupewa jibu la uraia. Wameichukua karatasi, wamesema wataandika barua.

"Yule mkalimani hakusoma vizuri," akaniambia. "Ama kampuni ilibadilisha karatasi nyuma yetu. Donc, nilimwambia afisa kuna mtu anaijua kweli. Tulikuwa mstari mmoja, yeye ndiye alinisomea, na hata yale majani ni yeye alinipa, anaweza kusema yalikuwa ya kula."

Nikamuuliza amesema mtu gani.

"Wewe, Mama Gaju. Akanipa kalamu, nikaandika jina lako lote, na namba yako ya simu, na kwamba unakaa Columbus. Afisa naye aliandika. Atakuuliza. Utanisemea vizuri, si ndiyo?"

Mashuka yalikuwa yametoka kwenye mashine, ya moto, nimeyakumbatia kifuani. Nikamwambia ndiyo, nitakusemea. Akanishukuru. Akaniambia nisikate simu kwanza, akaanza kuniombea hapo hapo, mimi na Gaju, akitutaja kwa majina, nami nikaitikia amina.